Nusu ya mwenye kofia

Mume wangu Habonimana alipiga picha watu wote wa Lubarika na vijiji vya jirani, lakini yeye hakuna mtu aliyempiga. Ukimuuliza anasema, "Aparei ya picha ni moja, na iko mkononi mwangu. Sasa nani atanipiga?" Siku ya ndoa yetu tu ndiyo alikubali kumpa binamu yake ile aparei. Akamuonyesha pa kubonyeza, akakimbia kuja kusimama pembeni yangu. Picha ilipotoka kuoshwa, mimi niko mzima na maua yangu, na karibu yangu kuna suti bila kichwa. Binamu alikata shingoni. Tulicheka mpaka padri akatoka nje kuuliza kuna nini.

Hata hiyo ya suti ilipotea tulipokimbilia Burundi, pamoja na kitambulisho chake na nguo zetu. Kilichobaki ni bwati moja ya biskuti, ya bati, yenye picha ndani. Niliibeba kichwani nikaacha sufuria. Mama mkwe alinitukana njia nzima. "Watoto wakilia njaa utawapikia picha?" Mimi nikishika kitu nimeshika.

Kwa hiyo ukitaka kumuona Habonimana leo, usitafute uso. Angalia chini, kwenye miguu ya watu.

Alipenda kupiga picha Jumapili baada ya misa ya kwanza, jua likiwa bado chini upande wa Burundi. Aliwapanga watu waliangalie jua, na yeye likimpiga mgongoni. Nyuso zilitoka safi, hakuna aliyesema huyu siyo mimi. Lakini kivuli chake kirefu kiliingia kwenye picha. Utaona kofia, utaona mabega, na viwiko viwili vimetoka huku na huku kama mikono ya chungu. Watu walimpigia kelele. "Habonimana, uko unajipiga bure na feza yetu!" Anacheka, anasogea kidogo, na Jumapili ingine ni yale yale. Waliokataa picha zao juu ya kile kivuli, aliwapiga tena. Zile walizozikataa alizitia kwenye bwati. Hakutupa hata moja.

Na mimi ndivyo alivyonipata. Nilikuwa msichana, baba alikuwa ameuza pamba, kila mtoto alipata kitu kidogo. Nikaazima kitenge cha dada yangu na viatu vyake vilivyonibana, nikasimama mbele ya kanisa. Siku aliyoleta picha, niliona kofia imelala kwenye pindo la kitenge changu, imepanda mpaka magotini.

"Nilikuja kupigwa peke yangu," nilimuambia. "Huyu wa kofia ni nani?"

"Ni mutu tu, alikuwa anapita."

"Basi apite. Silipi."

"Lipa nusu, dada. Nusu ingine ni ya mwenye kofia, nitamudai mwenyewe."

Sikulipa hata hiyo nusu. Na picha sikuirudisha. Kila Jumapili alikuja kudai. Anasimamisha baiskeli, anakaa na baba, anaongea mpunga, anaongea mvua, halafu wakati wa kuaga ndipo anasema, "Na ile nusu yangu?" Baba alichoka. "Kijana, hii deni yako itaisha lini?" Mwisho alikuja na wajomba zake na pombe, kuniposa. Baba akawakaribisha, akamuangalia, akasema, "Sasa ni weye utalipa." Nyumba nzima ilicheka.

Alikufa kitandani, hapa Uvira, tulipokwisha kurudi kutoka Burundi, tumbo lilimsumbua muda mrefu. Keza, mtoto wetu wa mwisho, alikuwa bado hajui kusema vizuri. Keza ndiye niliyebaki naye, na sasa yuko Kanada na mume wake. Ananipigia Jumapili. Akiwa msichana aliniuliza mara nyingi, "Mama, baba alifanana namna gani?" Nikamuambia, jiangalie masikio. Ningesema nini kingine?

Mimi nakaa Songo, nyumba yangu mwenyewe, vyumba viwili na kimoja cha nje cha kupangisha. Katika hicho cha nje alikaa Patient, mwalimu, kijana mwenye heshima. Jioni alikuwa anatoa kiti chake anakaa karibu nami, tunaongea, au tunanyamaza. Siku moja nilimfungulia bwati. Aliangalia picha zote bila kuzigusa katikati na vidole, anashika pembeni tu. Halafu akaomba ruhusa, akazipiga na telefone moja moja.

Baada ya muda alikuja na habari. Kuna watu huko Ulaya wanachapisha vitabu. Wanatengeneza kitabu juu ya maisha ya zamani ya bonde letu la Ruzizi, na wameomba picha kumi na mbili. Hawalipi. Lakini jina la Habonimana litaandikwa, na mimi nitapata kitabu kimoja. Patient angeandika maneno ya kwenda na picha, na jina lake pia litakuwa humo. Hakunificha. "Mama, mimi pia hii itanisaidia. Mutu akiona jina yangu kwenye kitabu, ataniita kwa kazi ingine."

Blandine, jirani yangu, anauza ndagala, vile visamaki vya ziwani, kule Rugenge. Aliposikia alisimama na beseni kichwani.

"Bure? Mama Keza, hicho kitabu watauza, hawatagawa kama hostia kanisani! Mutu aje kwenye meza yangu aseme, nipe ndagala, sina feza lakini nitaandika jina yako? Nitamupiga na sahani!"

"Ndagala zako ulizinunua," nilimuambia. "Hizi picha hakuna aliyezilipa. Watu walizikataa. Nitauza kitu kilichokataliwa namna gani? Wachukue."

Ndivyo nilivyokubali. Keza alifurahi kwenye telefone mpaka akalia. "Mama, nitaonyesha watu huku, nitasema huyu ni baba yangu." Mimi pia nilifurahi. Niliwaza wale watu wa mbali wanafungua kitabu, wanaona ile kofia, wanauliza kama nilivyouliza mimi, huyu ni nani?

Siku ile Patient aliingia bila kubisha, telefone mbele. "Mama, wametuma jalada ya kitabu! Ni weye!"

Ni mimi kweli. Kitenge cha dada, viatu vya kubana, kanisa nyuma. Niliangalia chini. Udongo ulikuwa mweupe, umesafishwa kama uwanja uliofagiliwa asubuhi.

"Patient, na mwenye kofia?"

"Wamemutoa, Mama. Siku hizi ordinatere, ile kompyuta, inafanya. Walisema ni kosa ya mupiga picha, wamesahihisha kwa zote."

"Zote?"

"Zote."

Alinipitishia moja moja. Familia ya katekista na mbuzi wao. Bibi harusi. Vijana watatu na radio yao. Hao vijana nawakumbuka, siku ile walicheka juu Habonimana alikuwa anarudi nyuma akiwa ameinama, kidogo aanguke kwenye mtaro. Sasa walikuwa wanacheka mbele ya uwanja mtupu. Katika picha zote kumi na mbili, watu walikuwa wanaangalia mahali pasipo na mtu.

Patient alikuwa amemtumia Keza lile jalada. Jioni Keza alinipigia. "Mama, umependeza! Uko hapo peke yako kabisa, kama wale wa sinema!"

Nilimuambia Patient awaandikie warudishe kivuli. Walijibu kwa adabu. Wanasikitika, jalada ndilo linalouza kitabu, na msomaji akiona kile kivuli ataona kosa. Nikamuambia awaandikie tena. Kama hakuna kivuli, hakuna kitabu.

Hapo wakaahidi dola mia tatu, nikubali bila kivuli.

Blandine alipiga makofi, akacheza na beseni lake. "Umewaweza! Kumbe uliwanyima mpaka walegee! Minye nilikuwa nasema huyu mama mujinga, kumbe ni muchuuzi kunipita!"

"Sikuwa nachuuza."

"Usiniambie. Angalia ile bati yako. Mvua ikija unalala na sufuria kwenye mapaja."

Ni kweli, mabati yangu yanavuja palepale juu ya kitanda. Na mabati nilikuwa nayataka, sitasema uongo. Siku mbili nilikuwa nainua macho nayaangalia yale matundu.

Jioni Patient alitoa kiti chake. Hakukaa sawa, alikaa pembeni kama mtu wa kuondoka.

"Mama, ni kofia tu. Jina lake litakaa kwenye kitabu, watu watasoma Habonimana."

"Jina lake wanalo wengi. Lubarika peke yake niliwajua Habonimana wanne. Hicho kivuli ni cha mmoja."

"Lakini hakuna atakayemutambua hapo. Hakuna uso."

"Mimi namtambua."

Akasema polepole, "Na minye, Mama? Na jina yangu?"

Nilimuambia achukue telefone, anipe mahali pa kusema, na awatafsirie vile vile nitakavyosema. Nikasema:

"Minye ni bibi ya Habonimana. Ile picha ya jalada, nilipopigwa sikuilipa. Mwenye kofia alisema nusu ni yangu, nusu ni yake. Nusu yangu nawapa bure kama nilivyosema, na dola zenu mukae nazo. Nusu yake siyo yangu kuuza. Mumuombe yeye. Akiwakubalia, mumukate."

Patient alitaka kucheka, midomo ilianza, halafu ikaacha. Aliwatumia. Baada ya siku walijibu kwamba wamesikia, na picha hawatazitumia.

Mwezi ulipoisha Patient alihama, alikwenda Rugenge. Alisema ni juu ya kuwa karibu na shule. Alinishika mkono kwa mikono miwili na kunishukuru kwa kuishi vizuri. Kile kiti alikiacha, kilikuwa changu. Chumba hakijapata mtu. Keza aliniambia, "Mama, weye ni mugumu. Ilikuwa jina ya baba, na weye umeikataa." Jumapili ile iliyofuata telefone haikulia, na ile ingine pia. Blandine alikuwa ananisalimia akipita, bila kutua beseni. Mvua zilianza, nikasukuma kitanda upande wa mlango. Kitabu kilitoka ama hakikutoka, sijui. Hakuna aliyekuja kuniambia.

Jioni nafungua bwati napanga picha mezani. Kwa kuzoea nilikuwa natoa kiti cha Patient, halafu nakirudisha.

Huyo mwenye kofia naye si mwepesi wa kuongea naye. Namuambia, umeniponza, mpaka mtoto amenichukia. Anakaa vile vile na viwiko vyake.

Halafu Jumapili moja, hata si saa za Keza, telefone ikalia. Alisema habari za baridi, habari za kazi, akazunguka. Mwisho akasema:

"Mama, mjukuu wako ameulizwa shuleni habari za babu zake. Nilimuonyesha lile jalada la Patient. Nilimuambia huyu ni nyanya yako, na aliyempiga picha ni babu. Akaniuliza, babu yuko wapi? Nikatafuta mahali pa kumuonyesha."

Nilivuta bwati karibu.

"Mama, uko hapo?"

"Niko."

"Nitumie ile ingine. Ile baba yumo."

Niliweka telefone kwenye paja kidogo, asinisikie. Nilipoirudisha alikuwa bado anaita, Mama, Mama.

Sasa kutuma. Telefone yangu ni ya vibonye, inapiga na kupigiwa, basi. Blandine ana kama yangu. Anayejua kutuma ni Patient, na mimi siendi kuomba kwa mtu niliyemnyima. Sijawahi. Hata baba yangu aliyenizaa sikumuomba mara ya pili kitu alichokataa. Nililala nikisema siendi. Nikaamka nikisema siendi. Nikaoga, nikafunga kitenge cha kanisani, picha nikaiweka kwenye bahasha, na bahasha ndani ya Biblia isije ikakunjika.

Sijui nitamuambia nini Patient. Labda nitaanza na salamu ya shule yake.

Blandine alinikuta natoka kwenye parseli, kiwanja changu. Jua lilikuwa limetoka juu ya ziwa, linanipiga usoni.

"Mama Keza! Asubuhi yote hii, na hizi nguo? Uko unaenda wapi peke yako?"

"Rugenge." Nikaibana Biblia kifuani. "Na nani amekuambia niko peke yangu?"

Blandine aligeuza shingo pamoja na beseni lake, akaangalia nyuma yangu. Barabara ilikuwa tupu. Akanipisha.