Kiti cha Mjomba

Petro, fundi bomba wa Mazimbu, alikuwa na wivu, na afadhali tuliseme mapema maana mwenyewe hatasema hata ukimkaba koo. Tena si wivu wa mke. Ungekuwa wa mke watu wangemwelewa, wangemnunulia soda na kumpa pole. Huyu bwana alimwonea wivu shemeji yake, Wilfred, kaka wa mkewe Magreth, na aliyemtia wivu ni binti yake wa kumzaa mwenyewe.

Wilfred anakaa Kinole, juu mlimani, ana mdalasini wake na machungwa yake. Jumamosi akishashusha mzigo sokoni anapita kwa dada yake kusalimia. Sasa muone Prisca, msichana wa kidato cha pili, ambaye baba akirudi kazini anaitikia kwa puani. Akisikia hodi ya mjomba anaruka, anatoa kiti kile chenye mto, na kabla chai haijamiminwa mchezo umeanza. Mchezo wenyewe ni wa herufi. Mmoja anataja mbili, mwenzake anatafuta maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo zote mbili.

“K na W,” anasema mjomba.

“Know. Week. Work.”

“Hayo ya darasa la tatu. Mimi nina awkward.”

Basi hapo mtoto atacheka mpaka ashike mbavu, na Petro yuko pembeni anafungua viatu, hakuna anayemtazama. Siku moja alijitia kuchomekea neno, wakamwambia kwa upole kwamba halina W. Upole ule ulimkaa rohoni wiki nzima.

Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Petro ni Mluguru, hilo hakulijua leo. Yeye mwenyewe ni mjomba wa watu, anawaamrisha watoto wa dada yake apendavyo na hajawahi kumuuliza baba yao anajisikiaje. Ila zamu ilipomfikia yeye, akaona mila hii ina kasoro kubwa.

Halafu shule ikaandaa shindano la mchezo uleule. Kila mwanafunzi akae na mtu mzima mmoja wa nyumbani kwao, mwalimu ataje herufi, wapokezane maneno mpaka mmoja akwame. Prisca hata hakuuliza.

“Nitakaa na mjomba,” alisema huku anasonga ugali, mbele ya baba yake mzazi.

Kuanzia hapo Petro akawa mwanafunzi. Akifunga koki kwa watu anasoma maandishi ya kwenye boksi. Akiwa dukani anang'ang'ania makopo ya rangi mpaka muuzaji anamuuliza ananunua au anasali. Alitaka kitu kimoja tu, kukaa kwenye kile kiti siku ile na kusikia bintiye akicheka kwa ajili yake.

Jumanne ukaingia ujumbe wa shule kwenye simu yake: shindano si Jumamosi tena, ni Ijumaa.

“Baba Prisca, mwahi kaka,” Magreth alisema. “Huko mlimani mtandao ni wa kubahatisha.”

Petro akatoka uani na simu, akasimama karibu na karo, akarudi.

“Nimempata. Anavuna mdalasini, hawezi. Amesema niende mimi.”

Alisema bila kupepesa macho, mkavu kabisa. Prisca aliweka kijiko chini na hakula tena.

Ijumaa wakakaa. Herufi za kwanza zikaja, V na L. Prisca akasema lovely, Petro akasema valve, watu wakapiga makofi na yeye kichwa kikavimba. Zikaja Z na L. Prisca akasema puzzle, Petro akasema nozzle, na hapo akamgeukia bintiye apokee kicheko chake. Bintiye alikuwa anaangalia mlangoni. Kila pikipiki iliyopita nje, shingo ile ilikwenda. Ikafika H na Y. Prisca akasema happy. Petro akatafuta bomba lenye H na Y, akatafuta koki, akatafuta kopo la rangi, na kengele ikalia amekodoa macho. Wangeweza kuitoa they hata watoto wa chekechea.

Kesho yake asubuhi hodi ikapigwa. Wilfred huyo, amevaa shati la kanisani lililonyooshwa, nywele zimechanwa, hata machungwa hakubeba.

“Shikamoo, mjomba,” Prisca alisema taratibu.

“Marahaba. Haya, twende tusichelewe. Kutoka Kinole mpaka hapa nimekuja nikihesabu maneno ya X.”

Magreth alimtazama mumewe. Petro aliangalia kucha zake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

“Ilikuwa jana, mjomba,” Prisca alisema. “Baba alisema amekupigia. Alisema unavuna.” Kisha sauti ikapanda. “Baba ni mwongo. Mwongo kabisa huyu, na ametutia aibu mbele ya shule nzima.”

Petro aliyasubiri hayo na aliona yanamstahili. Angeyameza yote. Lakini Wilfred alikuwa ameshainua mkono.

“Prisca. Huyo ni baba yako. Hasemwi hivyo mbele yangu. Mwombe radhi.”

Na mtoto yule, ambaye Petro akimtuma maji anataka kutumwa mara tatu, akanyamaza papo hapo. Akamgeukia baba yake.

“Samahani, baba,” alisema, kisha akamtazama mjomba aone kama imetosha.