Aliyesema Ametoka Ng'ambo

Siku ya mwisho kabla ya vita tulikuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tunazoa tope la ndiva yetu pale Mhezi, milimani Same. Ndiva ni bwawa la kukingia maji ya kumwagilia, na kila nyumba hutoa mtu wa kwenda kulisafisha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, nikajiona mkubwa kuliko jembe. Kiondo, rafiki yangu tangu shule ya msingi, alinitania mbele ya wasichana.

"Karani, tope haliandikwi. Linazolewa."

Watu wakacheka, nikazoa. Mchana tulikula makande aliyoleta mama yangu. Mvua nyembamba ikashuka kutoka msitu wa Shengena, tukarudi nyumbani tumelowa. Jioni redio ya mwalimu ilisema nchi imevamiwa huko Kagera. Naanza na siku hiyo kwa sababu ndiyo ya mwisho ninayoweza kuisimulia yote bila kuruka mahali.

Mimi na Kiondo tulijiandikisha mgambo Same mjini. Hatukulazimishwa. Tulifunzwa wiki chache, tukapandishwa treni, kisha meli, hadi mkoa ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona. Kiondo alitazama migomba inayofunika vilima, akanong'ona, "Kumbe kuna watu wana ndizi kuliko sisi." Ndilo jambo la mwisho lililotuchekesha huko.

Kwa kuwa nilijua kuandika haraka, nilipewa daftari na kuwekwa kwenye kizuizi cha barabara, kusini ya mto Kagera. Daraja lilikuwa limevunjwa. Watu waliokimbia mapigano walivuka kwa mitumbwi, wakaja kwa miguu wakiwa na magodoro, kuku na wagonjwa. Ofisa alituambia kwamba majasusi wamejichanganya nao. Asiyetiliwa mashaka apande lori kwenda kambini. Anayetiliwa mashaka asubiri gari la mahojiano.

Hakutueleza mashaka yanatambulikaje. Nilitunga mtihani wangu mwenyewe, nao ulikuwa Kiswahili. Aliyejibu vizuri alipita. Aliyebabaika alisimama pembeni. Mama yangu mwenyewe alikuwa na Kiswahili cha kanisani na cha mnadani tu, mengine yote yalikuwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani. Sikujiuliza angesimama upande gani.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi hivi, alifika mwanamke mwembamba, umri wake labda miaka thelathini. Kichwani alikuwa na mkeka uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Mkononi alimshika binti wa miaka mitano au sita, miguu mitupu. Aliposimama mbele yangu alitua mkeka, akapiga magoti, akainamisha macho na kusema maneno ya lugha yao.

Nilikokulia mimi, mtu mzima hampigii magoti kijana ila amekosa. Niliamini nimempata jasusi.

"Umetoka wapi?" nikamuuliza.

"Ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?"

Akanyoosha mkono nyuma yake, kaskazini. "Ng'ambo ya mto. Nyumbani."

Kiondo alikuwa ubavuni kwangu na bunduki. Akasema, "Amejitaja mwenyewe."

Kichwani mwangu mto ule ndio uliokuwa mpaka. Huku sisi, kule wao. Nilimuuliza maswali mengine mawili, akajibu kwa maneno ambayo sikuyajua. Nikaandika kwenye daftari: mwanamke mmoja, mashaka.

"Mtoto apande lori," nikasema. "Huyu abaki."

Mama hakuelewa mpaka nilipoushika mkono wa binti.

Nilivuta mara moja. Mama hakuachia.

Nikavuta mara ya pili.

Nilimkabidhi mtoto kwa bibi mmoja aliyekuwa juu ya lori. Niliwaza kwamba ni saa chache tu, wakimaliza kumhoji watakutana kambini.

Kombora la kwanza liliangukia shambani, nyuma ya migomba.

Lori liliondoka na bodi yake ya nyuma ikiwa wazi.

Mtoto aliita. Neno lake sikulijua, na halikuhitaji kutafsiriwa.

Kombora la pili lilipiga barabara. Nililala mtaroni, daftari likiwa chini ya kifua.

Nilipoinua kichwa gari la mahojiano lilikuwa limeelekea njia nyingine na waliosimamishwa pembeni, mama yule akiwamo, na mkeka ulikuwa umebaki pale pale alipoutua.

Siku mbili baadaye nilimsimulia koplo mmoja, mzaliwa wa Bukoba. Nilimsimulia kama mtu anayejisifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Alisema ng'ambo?"

"Ndiyo."

"Ng'ambo ya mto ni Tanzania, bwana. Mpaka uko mbele huko, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Sisi wote tunaita kule ng'ambo. Shangazi yangu ameolewa ng'ambo."

"Na kupiga magoti?"

"Alikuwa anakuamkia."

Nilikwenda kwa ofisa. Alisema magari yote yamekwenda, orodha zimechanganyika, na kesho tunasonga mbele. Ningeweza kung'ang'ania, kuomba hata siku moja ya kwenda kambini. Sikuomba. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya wenzangu, na huo ndio ukweli wake. Tukasonga mbele hadi nchi ya jirani. Huko niliona mengi ambayo wengine wamekwisha kuyasimulia vizuri kuliko mimi. Tuliporudi Same tulipokelewa kwa nyimbo na maua. Tangu wakati huo, kila siku ya kuwakumbuka mashujaa, mimi na Kiondo tumesimama mstari wa mbele.

Kiangazi kilichopita nilishuka mjini kutibiwa macho, nikakaa kwa binti yangu Namsifu. Asubuhi moja nilipita kwenye uwanja ulio karibu na stendi. Niliona nguzo za chuma zimesimikwa, nyaya zimevutwa kati yake, na kanga zimetundikwa safu kwa safu. Upepo wa Same ulikuwa ukizivuta zote upande mmoja. Kijana wa bodaboda aliniona nimesimama.

"Babu, umekuja kuanua? Zimeshakauka hizo."

Mfugaji mmoja aliyetoka tambarare alikuwa akiuliza bei. Msichana wa pale akamwambia haziuzwi.

"Sasa mmeanika za nini?"

"Za watu waliotenganishwa na mipaka, mzee."

Yule mfugaji alizitazama safu zote, akasema, "Basi ni chache," akaenda zake.

Mwenye kazi ile ya sanaa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anaitwa Koku, mzaliwa wa Kagera. Aliniamkia, nikaitikia, akanieleza. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vya ua moja. Yeye amekata kila doti, kipande kimoja akakitundika hapa na cha pili akakitundika kaskazini ya mto Kagera, karibu na mpaka wa Uganda. Anazunguka hivyo kwenye miji kadhaa. Mtu huandika kwa rangi kwenye kipande cha hapa jina la aliyetenganishwa naye, na maneno yale yale huandikwa kwenye kipande cha kule. Wengi wa Same walikuwa wameandika ndugu wa Taveta na Voi, waliobaki upande wa Kenya wakati mpaka ulipofungwa. Mama mmoja wa Myamba aliandika jina la dada yake aliyeolewa Taveta, na chini yake: *mpaka ulipofunguliwa wewe ulikuwa umeshazikwa.*

Kwenye ubao wa kuingilia paliandikwa swali: *Mpaka ulikutenganisha na nani?*

Nilizunguka safu zote. Nikarudi kwa Koku.

"Mjukuu wangu, na aliyetenganisha aandike wapi?"

Alikuwa akikaza waya. Aliuachia.

"Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, babu."

Tulikaa kwenye kivuli cha kibanda chake, nikamweleza. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema tangu kwa yule koplo. Kila nilipotaja mtoto nilimtazama usoni, na aliligundua hilo.

"Mama yangu hakupotea," akasema kwa upole. "Usinitafute mimi. Watafute wenyewe."

Alitoa doti ambayo haijakatwa, ya bluu na nyeusi, akaikata mbele yangu kwa mkasi. Kabla hajafungua kopo la rangi nilimwambia anisubiri mpaka kesho. Kulikuwa na mtu wa kumwambia kwanza.

Kiondo siku hizi ana duka la pembejeo hapo mjini. Nilimkuta akipanga mifuko ya mbolea.

"Karibu, kamanda. Macho yamepona?"

Nilimwambia ninachotaka kuandika. Aliweka mfuko chini.

"Ofisa ndiye aliyesema tutenganishe."

"Hakusema tumtenganishe nani."

"Wajukuu zetu watasoma. Mchungaji atasoma. Ukiandika wewe umeniandika na mimi, nilikuwepo."

"Jina lako sitaliweka. Ndiyo maana nimekuja kukwambia kabla."

"Umekuja kuniambia," akasema. "Hukuja kuniuliza."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimekwisha kuamua, na nilimwambia hivyo. Akageuka akaendelea na mifuko yake.

Kesho yake niliandika mwenyewe, mchana, watu wakitazama. Niliharibu neno la kwanza, Koku akalifuta kwa mafuta ya taa. Niliandika:

*Mimi Elisante wa Mhezi, mgambo. Kwenye kizuizi kusini ya mto Kagera nilimtenganisha mama na binti yake mdogo. Mama alisema ametoka ng'ambo, nami nikadhani ni nchi ya adui. Aliniamkia kwa magoti, nikadhani amekiri kosa. Jina lake sikuuliza. Kosa ni langu.*

Wengine wote pale walikuwa na jina la kuandika. Mimi nilikuwa na langu tu. Namsifu alikuja jioni kutoka kazini, akasoma, akarudia tangu mwanzo. Aliniuliza jambo moja: kama mama yake, marehemu mke wangu, alijua. Nikasema hapana. Alinishika mkono hadi nyumbani, lakini hakuzungumza nami mpaka siku ya pili. Jumapili kanisani kuna waliosogea mbali nilipoketi, na kuna waliokuja kukaa karibu. Kiondo alipita mlango mwingine.

Koku aling'oa nguzo zake, akapeleka maneno yangu kaskazini. Nilirudi Mhezi. Nilijiambia kwamba yatakayokuja nitayapokea, na yasipokuja nitayapokea pia. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza aliponipigia simu.

"Babu, wamejitokeza wanawake wanne. Kila mmoja anasema mtoto yule ni yeye."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mmoja, au kwa kimya. Wanne sikuwa nimewafikiria. Kizuizi chetu hakikuwa peke yake, wala mimi sikuwa peke yangu mwenye daftari. Nilimwambia anipe namba zao, nitawapigia wote.

Wa kwanza aliuliza kama mtoto alivaa viatu. Nikasema miguu ilikuwa mitupu. Akasema mama yake alimvalisha viatu vya shule siku ile, anavikumbuka. "Basi si mimi," akasema, akashukuru, akakata. Wa pili siku ile alikuwa na kaka yake. Wa tatu alitenganishwa na mama yake jioni, kwenye mtumbwi. Kila mmoja nilimwomba radhi hata hivyo, kwa niaba ya yeyote aliyekuwa kwenye zamu ile, nikajua ni radhi ndogo.

Wa nne anaitwa Felista. Ana wajukuu. Hakukumbuka viatu, wala saa, wala barabara. Anakumbuka lori na bibi aliyemshika, aliyemlea hadi alipoolewa. Mama yake hakuonekana tena, na bibi hakujua mtoto alikotokea. Niliuliza kila nilichoweza kuuliza. Hakuna kilichokataa, hakuna kilichothibitisha.

"Siwezi kukuhakikishia, mama," nikamwambia. "Inawezekana nilikuwa mimi. Inawezekana alikuwa mwingine."



"Sina sura ya mama kichwani," Felista akasema. "Hata moja. Wewe huyo uliyemwona, unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Basi nisimulie huyo. Nitamchukua huyo."

Nilimsimulia wembamba wake, mkeka na kamba yake, namna alivyoinamisha macho, na sauti yake alipotaja nyumbani. Aliniuliza alikuwa mweusi sana au maji ya kunde, nikamjibu. Aliniuliza alimshikaje mtoto. Nilifika hapo pa mkono, nikataka kuruka. Sikuruka. Nilimwambia nilivuta mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuachia.

"Hakuachia," akarudia.

"Hakuachia."

Akalia, nami nikangoja. Mtu aliyenyang'anywa mama sasa amepewa mama wa kusimuliwa, na huenda si wake. Sina kingine cha kumpa. Mvua zikikatika nitapanda basi kwenda kumwambia hayo yote uso kwa uso, mbele ya wajukuu zake, na wao waniulize wanachotaka.