Ndani ya Sanduku la Besi

Mwezi uliopita nilipita kwa fundi seremala pale Mbulu mjini, nyuma ya soko, kuangalia kabati la binti yangu limefikia wapi. Fundi alikuwa amechanganya gundi na vumbi la mbao kwenye kopo, anaziba nyufa kwa kidole. Ile harufu iliponifikia nilijikuta nimekaa juu ya rundo la mbao bila kukaribishwa. Ni harufu yenye uchachu kidogo, kama maziwa yaliyoanza kuharibika, na ndani yake kuna utomvu wa paina. Fundi aliniuliza kama naumwa. Alilazimika kuuliza mara mbili, kwa sababu alikuwa amesimama upande wangu wa kulia, na sikio langu la kulia halisikii. Wanaonifahamu wanalijua hilo. Sababu yake nimewaambia wachache sana, na leo nakuambia wewe.

Nilizaliwa Endagikot, mtoto wa pili na wa mwisho. Baba alikuwa seremala, na kibanda chake cha kazi kilikuwa upande wa pili wa uwanja, mkabala na jiko la mama. Kaka yangu Bura alinizidi miaka mitatu na vichwa viwili. Mimi nilikuwa na umbo dogo kupita kiasi. Nilipofika miaka tisa wageni bado walikuwa wakiuliza nitaanza shule lini, na mama alinishonea sketi kwa vipande vilivyobaki kwenye suruali za Bura.

Mwaka ule baba mdogo Paskali alirudi kutoka Basotu. Alikuwa amekaa kule kwa muda mrefu, anapiga gitaa la besi kwenye bendi iliyozunguka harusi na minada upande wa mashamba ya ngano. Bendi ilimfukuza. Kwa nini, yeye hakusema na sisi hatukuuliza. Alishuka kwenye basi na gitaa lililoviringishwa kwenye blanketi, na spika moja kubwa ya inchi kumi na tano, tupu, haina sanduku, ameikumbatia kama mtu anayetoka hospitali na mtoto mchanga.

Kwaya ya kanisani kwetu ilikuwa na kinanda na magitaa mawili, lakini haikuwa na besi. Kila walipojaribu kupitisha besi ya kinanda kwenye spika zao ndogo, zilikoroma mpaka watoto tukacheka. Mwenyekiti wa kwaya, mzee mrefu aliyeongea taratibu kiasi kwamba ungedhani anatafuna kila neno kwanza, alimwambia baba mdogo kwamba akiwa na chombo chake chenye sauti safi atapiga siku ya ibada ya mavuno. Kama hana, atakaa na waumini wengine asikilize. Baba naye alikuwa na lake moyoni. Kanisa lilitaka mabenchi mapya, na mwenyekiti huyo huyo ndiye angesema kazi apewe nani. Basi lile sanduku likawa mtihani wa ndugu wawili kwa wakati mmoja.

Baba hakuwahi kutengeneza sanduku la spika. Baba mdogo alimchorea kwa chaki sakafuni, akimweleza kwamba hewa isitoke popote isipokuwa kwenye tundu moja la duara chini ya spika. Ikivuja kwingine, besi inakohoa. Juu walitenga kichumba kidogo, na humo baba mdogo akafunga amplifaya aliyoitoa kwenye redio iliyoungua, ya kupigia muziki harusini, akaiwekea feni ya kompyuta mbovu isipate joto. Alijivunia kichumba kile. Alisema mtu atachomeka gitaa moja kwa moja na sanduku litajitosheleza.

Tatizo lilikuwa mbao. Paina yenyewe haikuwa imekauka vizuri, na kila asubuhi baba alikuta viungo vimeachana. Alilipindua sanduku juani, akalikagua nje pande zote, hakuona kitu, lakini besi ilipopigwa ilikohoa. Ndipo baba mdogo aliposema kwamba mtu akiwa ndani, gizani, ataona mwanga unapoingilia. Wakamtazama Bura. Kisha wakanitazama mimi.

Nikuambie ukweli, nilifurahi. Kibandani kwa baba mimi niliitwa kufagia tu. Bura ndiye aliyeshika randa, Bura ndiye aliyefundishwa kunoa msumeno. Siku ile baba alinishika makwapani mwenyewe akaniingiza, akanipa kopo la gundi, akaziba lile tundu kwa blanketi, akaegesha mbao ya nyuma kwa skrubu mbili. Jua liliingia kwa mistari myembamba kama nyuzi. Nilipaka gundi kwenye mstari mmoja, ukazimika. Nikapaka mwingine. Niliendelea kulizima jua uzi kwa uzi mpaka sikuona hata mkono wangu, nikasema tayari. Nilitoka kichwa kinazunguka, gundi imeshika nywele. Mama alizikata kwa mkasi huku akinung'unika kwamba nitaonekana kama kondoo aliyenyolewa na mlevi. Nilifanya hivyo siku tatu, na siku zote tatu nilikuwa mtu muhimu.

Jumamosi ikabaki kasoro moja. Besi haikukohoa tena, ila ikifika sauti fulani ya chini, mbao moja ilitetema, na hakuna aliyejua ni ipi. Baba akasema niingie tena, niguse mbao moja moja kwa viganja wakati baba mdogo anapiga. Nikiipata, nigonge mara mbili. Nisiongee. Ukungu ulikuwa umeshuka na kulikuwa na baridi, kwa hiyo mama alitoka jikoni akanifunga vifungo vya sweta mpaka shingoni, akaniambia nisije nikalala humo. Safari hii walifunga skrubu zote kumi na sita, kwa sababu mbao ya nyuma ikilegea nayo ingetetema. Magoti yangu yaligusa kidevu, na sumaku ya spika, kubwa kama sufuria ya ugali, ilikuwa usoni pangu.

Baba mdogo alianza taratibu. Ile sauti niliisikia kwa tumbo kabla ya masikio. Nikapapasa huku na huku, nikaipata mbao: ya kushoto, chini. Kabla sijagonga, besi ikanyamaza na nikasikia hodi.

Walikuwa mwenyekiti na wazee watatu wa kwaya. Walikuwa wametoka kwenye mazishi kule bondeni wakaona wapitie. Nilimsikia Bura akitoa shikamoo nne, moja moja, na mimi humo gizani nikasema shikamoo nne kimoyomoyo, maana ndivyo tulivyolelewa. Kisha nikasubiri baba aseme, samahani wazee, ngoja kwanza nimtoe mtoto.

Baba alisema, "Karibuni, karibuni. Lipo tayari."

Mwenyekiti akataka kulisikia.

Siwezi kukueleza vizuri jinsi besi inavyokuwa ukiwa ndani yake. Nje ni muziki. Ndani ni hewa inayokusukuma macho yaingie kichwani, kisha inayavuta yatoke, na kila noti inakuja kabla hujapumua. Mwenyekiti akaomba sauti iongezwe. Baba mdogo, ambaye alijua nipo wapi, akaongeza. Kitu ndani ya sikio langu kikachanika kama kitambaa, kikawa cha moto. Nikagonga. Sikugonga mara mbili. Niligonga kwa ngumi zote, kwa magoti, kwa kisogo.

Muziki ukakatika. Kimya kile nilikisikia kwa sikio moja.

"Kuna kitu kinagonga humo ndani," mwenyekiti alisema.

Nilikuwa nimefungua mdomo.

"Ni mbao," baba alisema. "Nitaikaza."

Nilifunga mdomo. Nikasikia vikombe vinagongana kwenye sinia, na sauti ya mama, ile sauti yake ya wageni iliyokuwa nyororo kidogo kuliko ya kila siku, ikiwakaribisha chai. Mwenyekiti alishukuru, akamwita Mama Bura, akasifu maziwa. Halafu akamwambia baba mdogo apige wimbo wote wa mavuno, mwanzo mpaka mwisho, wao wanywe huku wakisikiliza.

Aliupiga wote, na sikugonga tena. Nilibana sikio begani, nikauma kola ya sweta. Niliwaza kwamba nikigonga watasema sanduku ni bovu, baba mdogo atakaa na waumini, mabenchi atapewa mtu mwingine, na kosa litakuwa langu. Niliwaza pia kwamba wazee wanakunywa chai, na mtoto hakatizi wazee wakinywa chai. Wimbo ulipoisha nilimsikia mwenyekiti akisema, "Sasa limetulia."

Walikaa wakazungumza habari za marehemu na za mahindi. Walipoondoka, baba alifungua skrubu zote kwa bisibisi, bila haraka, akiziweka kwenye kopo moja moja. Mwanga ulipoingia sikuweza kusimama. Bura alicheka, kwa sababu nilikuwa nimejaa vumbi la mbao kama kifaranga kilichotoka kugaagaa, na sketi ilikuwa imelowa. Baba aliiona mbao iliyolowa. Midomo yake ilicheza, sikusikia. Akahamia upande wa kushoto akarudia: ni mbao gani ilikuwa inatetema?

Nikamwonyesha. Aliikaza kwa kipande cha ubao na skrubu mbili, akanipa vumbi la mbao nifute mkojo wangu, na nilipomaliza akapitisha msasa pale. Kisha akanitazama akasema, "Vizuri." Neno hilo hakuwahi kuniambia kabla. Nililala nalo siku ile, na sikio linalia kama birika.

Sikio liliuma wiki nyingi, likatoa uchafu. Mama alinidondoshea mafuta ya uvuguvugu kila jioni, kichwa changu kimelala mapajani mwake, mkono wake mwingine unanipapasa mgongo. Watu walipouliza, alisema ni mafua yameshukia sikioni. Shuleni mwalimu mmoja alinipiga fimbo akisema nina kiburi, kwa kuwa aliniita mara tatu kutoka upande wa kulia nami nikaendelea kuandika. Sikujitetea. Mafua hayamfanyi mtu kuwa kiziwi, na nisingeweza kueleza mengine.

Siku ya mavuno mabati ya kanisa yalitetemeka. Kina mama walicheza mpaka vitambaa vikawadondoka kichwani. Mwenyekiti alimsimamisha baba mbele ya wote akamsifu, na baada ya wiki chache mbao za mabenchi zikaanza kushushwa uwanjani kwetu. Nilimnong'oneza msichana aliyekaa karibu nami kwamba mimi nimewahi kuwa ndani ya lile sanduku. Akamwambia mama yake, mama yake akanigeukia akaniambia kanisani hatusemi uongo.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba hakuelewa. Yeye aliniagiza kugonga mara mbili, mimi nikagonga ovyo, basi akadhani ni mbao kweli. Nilipofika sekondari nikajua kwamba uongo huo nilikuwa nimejitungia mwenyewe. Nilimchukia, kimya kimya, mpaka alipofariki, na baadaye pia. Chuki yote niliirundika kwake. Baba mdogo nilimpunguzia, kwa kuwa alikuwa mtu aliyeshindwa na maisha. Mama sikumwekea hata chembe. Mama ndiye aliyekuwa na mafuta ya uvuguvugu.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia, nikiwa na binti yangu, ambaye alikuwa na miaka tisa. Tulikaa uwanjani tunachambua maharage, watatu, sinia katikati. Binti yangu alikunja magoti mpaka kidevuni, kama watoto wanavyokaa, na nilipomwona hivyo mikono yangu ilisimama. Nikauliza kitu ambacho sikuwahi kupanga kuuliza.

"Mama, siku ile ulipoleta chai, ulijua bado nimo ndani?"

Hakuuliza siku gani. Alitoa jiwe kwenye maharage akalitupa.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Alifikiri. Naapa kwamba alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta jibu sahihi ili asinidanganye.

"Wageni walikuwa hawajamaliza chai," alisema.

Alilisema bila aibu na bila ukali, kama sababu iliyokuwa inatosha siku ile na inatosha bado. Nilikuwa nimejiandaa, nadhani, kusikia kwamba alimwogopa baba, na ningemsamehe hapo hapo. Mama hakumwogopa baba. Nje ya lile sanduku walisimama watu wanne walionijua na kunipenda, na hakuna hata mmoja aliyenikasirikia. Yeyote kati yao angeweza kutamka sentensi moja fupi. Ingewagharimu aibu ndogo, ya kicheko, ambayo wazee wangeisahau kabla ya kufika barabarani. Waliipima aibu ile, wakanipima na mimi. Na jambo lililonichukua umri huu wote kulikubali ni kwamba mimi mwenyewe, nikiwa na miaka tisa, nilikuwa nimeshafundishwa vipimo hivyo, na nilipopima nilipata jibu lile lile.

Binti yangu alimtazama bibi yake, akanitazama mimi, akauliza wageni gani hao, na ndani ya nini. Mama alimwambia aendelee kuchambua, ni mambo ya zamani ya watu wazima.

Nilisogeza sinia pembeni nikamwambia yote, bibi yake akiwa amekaa pale pale.