Betri ya Saa Iliyoanikwa Pamoja na Makopa

Mara mbili nilirudi nyumbani kimya. Mara ya tatu, dada wa mapokezi wa zahanati aliponisukumia karatasi ileile bila hata kuniangalia, nilipiga kioo cha dirisha kwa kiganja mpaka foleni nzima ikageuka. Karatasi ilisema mwanangu Nasra alizaliwa tarehe mosi Januari 1980. Mwaka huo hata mimi mama yake nilikuwa sijazaliwa! Siku niliyojifungua katika zahanati hiyo, mashine ilijijazia tarehe yenyewe, na sasa kila nikiomba wasahihishe wanachapa vilevile. Bila karatasi sahihi hakuna cheti cha kuzaliwa, na bila cheti shule imemkataa. "Mama Nasra, punguza hasira," akasema dada, "tarehe inaandika kompyuta, si mimi." Nikamuuliza, "Kwani kompyuta ndiyo iliyonizalisha?" Mama mmoja kwenye foleni akadakia, "Mwacheni Nasra, shoga, huyo si wa shule tena, keshapata wajukuu!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kupitia tundu la dirisha ilinijia harufu ya vumbi lililopata moto ndani ya mashine kuukuu, na harufu hiyo naijua tangu utotoni.

Baba alikuwa na kibanda cha kuchapa karatasi kando ya barabara ya kwenda bandarini. Kompyuta yake ilikuwa na kisogo kirefu, imetupwa na ofisi fulani ndipo akaichukua. Msimu mmoja wa korosho, malori yakiwa yamejipanga mpaka mbele ya mlango wetu na hewa yote inanukia magunia, saa ya mashine ile ilikufa. Kila umeme ukikatika, ukirudi mashine imesahau mwaka. Kazi yangu ikawa kusimama chini ya kalenda ya ukutani na kumsomea baba tarehe kwa sauti, naye anaiandika upya. Siku moja nikiwa shuleni umeme ulicheza na baba hakugundua. Karatasi za lori zikatoka na tarehe ya 1980, lori likarudishwa kwenye geti la bandari, na wakala wa mzigo akaja kututukana mbele ya wateja. "Mzee, unanichapia karatasi za marehemu?"

Jumamosi asubuhi baba alifungua mashine, akachomoa kidude cheusi chenye miguu mingi kama tandu, juu yake kumechorwa kisaa. Akasema betri ya saa imo humohumo ndani, imefungiwa, haitoki. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Nanyamba kutusaidia, na uani alikuwa ameanika makopa ya muhogo. "Mkwe, betri ikichoka si inaanikwa?" akasema. Hakuwa anatania. Betri za redio yake zilikuwa palepale kwenye mkeka, katikati ya vipande vya muhogo, zinaota jua, na kweli kila jioni redio ilikuwa inaongea. Baba alimtazama, akatazama kidude. Akakiweka mkekani. Mimi nikapewa kijiti nifukuze kuku. Nilikaa siku nzima nikikiombea, jua linaniunguza kisogo, unga wa muhogo unanukia uchachu, na niliamini kabisa.

Hakikupona. Baba akaagiza kingine Dar, kikaja na basi, kimechomekwa kwenye kisponji, kipya hakijaguswa. Mashine ikalia bip, bibi akapiga kigelegele. Asubuhi baba akawasha: 1980. Kilikuwa kimekaa ghalani miaka mingi mpaka betri yake ikaisha kabla ya kutumika. "Kimekufa kikiwa kipya," baba akasema, kwa sauti ya mtu asiye na wa kumlaumu. Wateja walishahamia kwa jirani. Msimu ulipoisha, kibanda nacho kiliisha, baba akaenda kubeba magunia bandarini.

Nikifikiria sasa, sisi tulikuwa wanyonge lakini kila mtu alijaribu: bibi na jua lake, baba na kifurushi chake, mimi na kijiti changu. Hapa zahanati hakuna anayejaribu. Kurekebisha saa kwa mkono hawataki, eti wanasubiri fundi asiye na jina, na mwanangu anachungulia wenzake wakienda shule. Nikaomba karatasi na kalamu, nikaandika nimesimama, nikaweka sahihi, nikahakikisha imegongwa muhuri:

"Kwa Msimamizi wa Zahanati. Yah: Malalamiko kuhusu tarehe ya kuzaliwa ya mwanangu Nasra. Mashine yenu imekufa betri ya saa, nanyi mnajua. Naomba muandike tarehe ya mwanangu kwa mkono, leo, kabla shule haijamfungia mlango kabisa. Halafu badilisheni betri hiyo. Msiletewe iliyolala ghalani, na msiianike juani. Hayo yote sisi tulishajaribu."