Tromboni Iliyochaguliwa kwa Macho

Nathanael Ngolo, fundi cherehani wa Kashaulili, alikuwa na siri moja mdomoni: meno manne ya mbele hayakuwa yake. Ya kwake aliyaacha kwenye barabara ya Sitalike miaka sita iliyopita, baiskeli ilipomrusha. Daktari akamtengenezea mengine, mazuri kuliko ya kwanza kwa kutazama, ila si ya kupulizia, na aliyejua alikuwa mkewe tu, Marselina. Waumini wenzake wa Moravian aliwaambia kazi zimembana, tromboni basi tena. Mtu aliyekuwa tegemeo la kikundi cha tarumbeta akageuka mkaaji wa benchi la nyuma, kazi yake kukosoa.

Marselina alifariki kiangazi kilichopita. Kanisani kwao, alfajiri ya Pasaka watu huenda makaburini na tarumbeta. Husomwa majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyotangulia, na kila jina hupigiwa ubeti mmoja. Nathanael aliona haiwezekani jina la mkewe lipigiwe na wengine, yeye amekunja mikono. Akawaambia wazee wa kanisa kwamba atarudi, si kila Jumapili, ila mara mojamoja: Pasaka, msiba, labda arusi. Wazee walifurahi kupita kiasi. Tromboni ya kanisa ilikuwa imekwisha kwa kutu, wakamtuma yeye mwenyewe akachague nyingine, maana nani anazijua kama yeye? Rahel, kiongozi wa kikundi, ambaye Nathanael alimfundisha tangu mdogo, akasema atamsindikiza. Nathanael hakumuuliza kwa nini.

Kule Katumba, Egide, fundi wa kutengeneza na kuuza tarumbeta, aliwatandikia mkeka na kulaza tromboni mbili. Moja ilikuwa kuukuu, imebonyea ubavuni, rangi imeitoroka. Nyingine iling'aa hata Nathanael akaona masharubu yake ndani yake. Egide hakuwa mtu wa kuficha.

"Mzee, kwa mtu wa kupiga mara mojamoja, chukua hii kuukuu. Ni nyepesi, haidai pumzi nyingi, mrija wake wa kuvuta unateleza wenyewe. Hii ya kung'aa mrija ulipinda. Nimeunyoosha, lakini bado siuamini. Zipulize zote usikie."

Nathanael aliyaona akilini meno yake yakidondoka pale mkekani, manne, mbele ya mtoto aliyemfundisha kushika tarumbeta. Rahel alinyoosha mkono na kusema taratibu kwamba angeomba azipulize yeye, Mwalimu asikilize tu. Hapo ndipo mlango wa kuikwepa aibu ulipofunguliwa, na mzee wetu akaubamiza.

"Nimeanza kupuliza hujazaliwa," alisema. "Mimi tromboni naijua kwa macho."

Akauvuta mrija wa ile ya kung'aa mara moja, harakaharaka, ukapita. Akaichukua. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kikundi chao hakiendi makaburini na sufuria.

Kesho yake, nyumbani, aliuvuta polepole kama wimbo unavyotaka, nao ukakwama katikati. Akautia mafuta ya cherehani, ukakwama na mafuta yake. Alipopuliza, meno yakacheza. Alipoyatoa, ukatoka upepo mtupu. Mtu mwingine angepanda bodaboda asubuhi ileile akarudi Katumba. Lakini kurudi kulikuwa na maelezo, na maelezo yalikuwa na meno ndani yake. Mazoezi ya kwanza akasema ana mafua. Ya pili akasema anamalizia sare za shule. Rahel alipopita dukani kumsalimu, aliinamia cherehani ambayo haikuwa na uzi. Aibu ilimla wiki tatu nzima, naye akailisha.

Pasaka ikafika na matope yake. Waumini walisimama katikati ya makaburi, kanga zimetandwa vichwani kwa manyunyu. Majina mawili yakasomwa, Nathanael akajifanya anafuta kipulizio. La tatu likawa Marselina Ngolo.

Akainua tromboni. Sauti ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka, na ya tatu mrija ukakwama. Akausukuma kwa nguvu, meno yakateleza, na kilichotoka kilikuwa kama mlio wa ng'ombe aliyezama topeni. Mtu akacheka, akanyamazishwa. Kikundi kikaumaliza ubeti bila yeye, na kila mwenye masikio alisikia sauti moja imepungua katika jina la mkewe.

Watu walipotawanyika, yeye alibaki. Rahel naye akabaki. Nathanael alitoa meno, akayaweka kwenye leso, akamwonyesha.

"Sikupuliza kule kwa sababu ya haya," alisema, maneno yakimvuja. "Niliogopa yatadondoka mbele yako."

"Najua, Mwalimu. Mama Marselina aliniambia akiwa hospitalini. Alisema siku ukitaka kurudi kwenye tromboni, niende na wewe nikupulizie, usiaibike. Akaniomba nisikwambie."

Nathanael aliutazama msalaba wa mkewe. Alikuwa amepangiwa kila kitu, hadi mkono wa kumpokea, naye aliusukuma kwa maringo. Akaibeba tromboni kwapani kurudi nyumbani, mrija umetoka nusu, palepale ulipokwama kwenye jina la Marselina.