Meli ya Mafuta Isiharakishwe

Fundi Kufuli hakuwa mtu wa maneno. Maneno alimwachia mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Soga, naye aliifanya kazi hiyo kwa moyo mmoja.

Mama Soga alikuwa akifua mashuka hospitalini, zamu ya kuisha jioni. Mumewe alikuwa akifunga kibanda chake, anarudi nyumbani, anainjika birika na kukaa karibu na mlango kumsubiri. Kitasa cha mlango ule kilikuwa kibovu. Ufunguo ukiingia ulikwaruza, ukagoma kidogo, ndipo ukakubali. Wateja walimcheka: fundi gani wa kufuli analala nyuma ya kitasa kibovu? Alitabasamu tu. Mkwaruzo ule ndio uliomwambia kwamba mke amefika.

"Umechelewa," alikuwa akisema.

"Si ungenifuata?" Mama Soga alikuwa akijibu huku akivua viatu, na hapo soga likaanza.

Mama Soga alipofariki, jioni zilibaki zile zile, ila hazikuwa na wa kuja. Binti yao, msusi, alihamia pale na mumewe, fundi umeme, ili mzee asikae peke yake. Mkwe alikuja na kompyuta. Akaiweka juu ya meza ya kazi ya mzee, kando ya jiriwa la kubania funguo, maana ndiyo meza pekee iliyokuwa haiyumbi. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa vita vya baharini.

"Jaribu, Baba," mkwe alisema. "Hizi manowari, hizi nyambizi. Unapanga, unatuma, adui anakula za uso."

Mzee alijaribu ili asimvunje moyo. Shule hakwenda, kusoma hakujua, lakini meli alizitofautisha kwa maumbo kama alivyozoea kutofautisha funguo. Mizinga haikumkuna. Kilichomkuna ni meli moja nene, butu, ya kubeba mafuta. Ilitoka bandarini ikazifuata manowari huko zilikoishiwa, ikazijaza, ikarudi. Ilikwenda polepole mno. Mzee akiituma, aliinjika birika, akarudi kukaa, macho yakiwa pembeni mwa ramani, mpaka kidoa chake kitokeze na honi ilie.

"Baba, tangu juzi hujapigana na mtu!" mkwe alilalamika.

"Nimetuma mafuta."

"Ya nini, na vita hakuna?"

"Zina kiu."

Jumapili moja asubuhi mkwe alifungua ukurasa ambako wachezaji waliandika maoni yao. Watengenezaji walikuwa wakiandaa toleo jipya, wakauliza watu wanataka nini kibadilike. Mkwe akawa anasoma kwa sauti, anacheka.

"Msikie huyu: 'Nyambizi mnazidekeza, huzioni mpaka zimeshakuzamisha.' Na huyu: 'Mawimbi mazuri, milio mizuri, ila meli ya mafuta inakwenda kama imebeba mayai.' Huyu je? 'Nilituma mafuta, nikaoa, nikapata mtoto, bado hayajafika.' Karibu wote wanalia na mafuta, Baba. Wanataka ukibonyeza tu, meli iwe imefika."

"Na wewe?"

Mkwe alikuna kichwa. "Ile ya mayai niliandika mimi."

Binti, aliyekuwa akimsuka mteja karibu na dirisha, alicheka mpaka kitana kikamponyoka. Mzee hakucheka. Meli ikifika papo hapo, jioni atasubiri nini?

"Niandikie," alisema.

"Nini, Baba?"

"Maoni yangu."

Hata mteja aligeuka, kichwa nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Mkwe alivuta kiti.

"Msiiharakishe," mzee alisema. Mkwe akadhani yameisha, lakini mzee akaendelea. "Nilikuwa namsubiri mke wangu atoke kazini. Hayupo tena. Sasa nasubiri hii meli. Naiwekea chai jikoni. Ikifika kabla sijaisubiri, haijarudi hiyo."

Vidole vya mkwe vilisita juu ya vitufe. Mara ngapi alikuwa ameomba ruhusa abadilishe kile kitasa cha mlango, na mzee akakataa bila kusema sababu! Aliandika kila neno kama lilivyotoka.

"Wanataka na nyota za kuupima mchezo, Baba. Niweke ngapi?"

"Zote."

Majibu yalianza kumiminika. Mmoja aliandika, "Babu, nenda kavue samaki." Mwingine akamrukia: "Mwache babu. Mimi nikiituma ndipo ninapopata kuoga." Mama mmoja wa watoto wadogo alisema safari ya meli ile ndiyo pumziko lake. Mwingine alisema tu, "Pole, mzee. Na mimi nasubiri." Mkwe alimsomea yote, hata ya kejeli, na mzee alisikiliza huku chai ikimpoa mkononi. Hakujua kwamba watu asiowajua wangeweza kumwonea huruma bure.

Siku toleo jipya lilipofika, alikaa roho mkononi. Mkwe alifungua mchezo, akacheka mwenyewe.

"Tazama. Wameweka vitufe viwili. Hiki cha kushoto ni chetu sisi wenye pupa, meli inafika hapo hapo. Cha kulia ni mwendo wa zamani. Hicho chako."

Mzee alibonyeza cha kulia. Meli ikajikongoja kutoka bandarini. Akaenda kuinjika birika, akarudi. Wakakaa bega kwa bega, na mkwe, kwa pupa yake yote, hakugusa kitu.

Kidoa kilipotokeza na honi ikalia, maneno yalimtoka mzee mwenyewe bila kuyatuma.

"Umechelewa."

"Si ungenifuata?" binti aliitikia kutoka chumba cha pili, kwa sauti ile ile ya mama yake.

Mzee alicheka mpaka ikabidi afute macho kwa mkono wa shati. Kisha akamgusa mkwe bega.

"Waandikie tena."

"Niseme nini?"

"Asante."

Mkwe aliandika, akasubiri. "Neno moja tu, Baba? Watu wamehangaika kwa ajili yako!"

Mzee akafikiri kwa muda mrefu.

"Ongeza sana."