Moyo wa Mama na Jirani Aliyefukuzwa

Tulikuwa tunachimba viazi huko Molo Mama aliposhika kifua. "Kuna kitu kinarukaruka humu ndani kama kuku aliyefungwa miguu," akasema, akaketi juu ya gunia. Nilidhani ni uchovu. Siku chache baadaye mkono wake wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande, tukamkimbiza hospitali Nakuru.

Walimwekea nyaya kifuani, mashine ikachora mapigo yake. Hata mimi niliona hayana mpangilio. Mama alipoweza kuongea tena, daktari alitueleza kwamba vyumba vya juu vya moyo vilikuwa vinatetemeka badala ya kusukuma damu. Damu ilituama humo, ikaganda, na donge moja likapanda hadi kwenye ubongo.

"Shida hii imetoka wapi?" nikauliza.

"Wengine ni presha, wengine tezi ya shingoni, wengine pombe. Wake ni valvu, kilango cha damu ndani ya moyo, iliyoharibika." Akamgeukia. "Mama, utotoni uliwahi kuumwa koo, halafu viungo vikavimba?"

Mama akajibu, "Mimi na dada yangu. Magoti yalivimba tukashindwa kutembea. Mimi nikapona. Yeye alikuwa anahema tu, mpaka akafa, bado msichana."

"Huenda ulikuwa ugonjwa huo huo. Huanzia kooni, kisha huharibu moyo."

Daktari alipotoka, Mama aligeukia ukuta. Nyumbani tulikua tukiambiwa kwamba dadake alirogwa na jirani, na kwamba babu na wenzake walimchomea mwanamke huyo nyumba, akahama na watoto wake.

"Watoto walikuwa wanamwimbia kwamba ni mchawi," akasema. "Mimi ndiye niliyeanzisha."

Alipotoka hospitalini alitaka kwanza apelekwe Gilgil, alikohamia yule jirani. Tulikuta ameshafariki. Binti yake alitukaribisha chai, akamsikiliza Mama hadi mwisho.

"Hapa watu walimpenda," akasema. "Lakini hata uzeeni, mtoto wa jirani akikohoa, alikuwa anajifungia ndani, asije akaonekana karibu."

Mama aliweka kikombe chini, akajiinua kwa mkono wa kushoto. Yule binti hakumsaidia.

Siku hizi Mama anameza dawa ya kuzuia damu kuganda na hakosi kliniki, ingawa mapigo hayajawahi kutulia. Mjukuu akilalamika koo, anamvalisha sweta mwenyewe na kutuharakisha twende zahanati. Mtu akimwambia ni baridi tu ya Molo, anatangulia mlangoni.